Kilio cha Tupokigwe

Hapana, Lugano, bibi yako hana roho ngumu. Nani kakwambia? Mama zako wadogo? Waambie waje waniulize mimi mwenyewe, wasikutwishe wewe maneno ya jikoni. Bibi yako hakulia msiba wa mjomba wako kwa sababu alikuwa ameshushwa, na aliyepeleka jina lake akashushwe ni mimi. Ndiyo, mimi babu yako. Vuta hicho kigoda ukae vizuri. Ukitaka niseme nitasema, ila sisemi haraka, mimi si redio.

Wewe umezaliwa umekuta watu wana punje nyuma ya sikio, unaona ni kitu cha kawaida kama chanjo. Wakati wetu ilikuwa jambo jipya. Kituo cha Maelewano walikifungua pale njia panda, kwenye lile ghala la zamani la chai, wakapaka rangi nyeupe, wakaweka viti vinavyozunguka. Wapimaji wakaja mpaka kanisani kututangazia. Walisema wamewafuatilia wanandoa wa nchi nzima miaka thelathini, na wamegundua kinachovunja nyumba si umaskini wala mama mkwe. Mama mkwe! Wanawake wote kanisani wakaguna. Wakasema ni tabia, tabia zile mtu anazaliwa nazo. Ziko tano. Wasiwasi, upole, bidii, uchangamfu, na hiyo ya tano ni kupenda mambo mapya. Hiyo ya tano mimi walinipa kumi na moja kwa mia. Kumi na moja! Nikamwambia yule dada mpimaji, mashine yako imelewa, mimi ndiye wa kwanza Ikapila hii kupanda parachichi. Akacheka tu, akaandika.

Sasa katika hizo tano, mbaya wao ni wasiwasi. Walisema mwenye wasiwasi mwingi haumii peke yake, anayelala naye pia anaumia, hata awe mpole kama maji ya mtungini. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo furaha yake iko chini, na wao wanaweza kuipima hiyo furaha, wakaiandika kwa namba kama uzito wa mtoto kliniki.

Na bibi yako, mjukuu wangu, alikuwa na wasiwasi, nisikudanganye. Ng'ombe akikohoa, yeye ameshaamka. Nikienda Tukuyu, saa kumi jioni yuko barabarani amesimama, kanga kaifunga kichwani, ananitafuta kwa macho. Nikichelewa kidogo nakutana na kesi. "Ulikuwa wapi, Baba Sekela? Nimeshakuzika mara tatu leo." Namwambia, "Si unaniona niko mzima?" Ndiyo kwanza anakasirika. "Sasa kama uko mzima kwa nini umenitesa?" Haya, jibu hilo kama unaweza.

Tuligombana sana. Mama yako Sekela atakumbuka, alikuwa binti mkubwa wakati huo, na mjomba wako Ambokile alikuwa kijana anaota ndevu. Nilikuwa nachoka. Mwanaume anafika nyumbani anataka akae, avue viatu, asiulizwe.

*

Kuna jambo moja sikuwaambia wapimaji, na hapo ndipo nilipokosea.

Bibi yako ndiye alikuwa mfungua kilio wa hapa Ikapila. Wewe hujaikuta hiyo. Kwetu mtu akifa, watu hawaanzi kulia hovyo hovyo kama mbuzi. Wanakaa kimya mpaka kilio kifunguliwe. Marehemu akiwa na mama aliye hai, mama ndiye anafungua. Akiwa hana mama, anakuja mfungua kilio, anasimama uani, anapiga ile sauti ya kwanza, na wengine wote wanaingia nyuma yake. Bila hiyo sauti kaburi halichimbwi na chungu hakipakuliwi. Utakaa na njaa yako hapo mpaka kesho.

Tupokigwe aliirithi kazi hiyo kwa mama yake. Halafu haikuwa kelele tu, usidhani. Akimlilia mtu anamtaja. Anamwambia, wewe fulani uliyependa pilipili, wewe uliyetukopesha jembe ukasahau, nani atatucheka sasa. Watu hata kama hawakumjua marehemu, wanamjua hapo hapo, na wanalia. Nimeona wazee wagumu kama mizizi wanafuta kamasi kwa kofia.

Kulia kote huko alikuwa analia kweli. Alikuwa akitoka msibani anarudi nyumbani bado machozi yanamtiririka, anamenya ndizi huku analia, anafunga ndama huku analia. Mimi nimezoea. Kwangu ilikuwa kama mtu anayetoka shamba bado ana udongo miguuni.

Basi mwaka huo ikaja ile homa ya mapafu. Na mwezi huo huo ndio tulikuwa tumepewa kisikilizi, kidubwana kama yai, unakitundika ukutani siku thelathini kinawasikiliza mnavyoishi. Siku thelathini hizo tulizika watu kumi na tisa, wazee watupu wasio na mama. Kumi na tisa, Lugano. Bibi yako alifungua vilio kumi na tisa, na kidubwana kiko ukutani kinasikiliza mwanamke analia asubuhi, analia mchana, analia akisonga ugali.

Siku ya thelathini nikaitwa kituoni kujibu maswali ya mwenzi. Mimi darasa la nne, kusoma kwangu kwa kubahatisha, kwa hiyo mashine ndiyo ilinisomea. Sauti nzuri ya kike, inaniita mzee.

"Mzee, mwenzi wako hulia mara ngapi kwa wiki?"

Nikasema kila siku.

"Je, kuna aliyekufa au kuumia kati ya watoto wake, wazazi wake, au ndugu zake wa damu?"

Nikafikiri. Nikawahesabu wale kumi na tisa. Hakukuwa hata mmoja wa damu yake. Nikasema hapana, si ndugu zake.

"Asante. Je, hulia hata akiwa nyumbani peke yake?"

Nikasema ndiyo, hata akimenya ndizi.

Mashine ikaandika: analia kila siku bila sababu.

Mimi nilijibu ukweli mtupu. Swali kwa swali, hakuna nilipodanganya. Sikujua kwamba yule aliyeitengeneza alitoka mahali ambapo mtu analilia watu wake tu.

*

Majibu yalirudi, wasiwasi wake tisini na nne, furaha ya nyumba yetu thelathini na nane. Pale kanisani wanandoa walikuwa wanatajiana hizo namba kwenye kahawa baada ya ibada. Mwakatumbula na mke wake, wale waliokuwa wanarushiana masufuria, walipata sitini na tano! Nikaona aibu. Nikarudi nyumbani nikamwambia bibi yako, twende kituoni wakakushushe huo wasiwasi kidogo.

Siku tatu hakusema na mimi. Siku ya nne nikamkuta shambani kwenye migomba, amekaa juu ya majani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe huna furaha na mimi?"

Sasa hapo mwanaume mwenye akili angefanya nini? Mimi nikasema, "Mashine imesema."

"Sikuulizi mashine."

Nikainama nikaanza kung'oa magugu. Huko kuinama kwangu ndiko kulikomjibu. Akakung'uta sketi, akasimama.

"Haya, nitakwenda," akasema. "Kwa ajili yako nitakwenda. Lakini sikia, Baba Sekela. Ikija siku natakiwa kulia na silii, unirudishe. Usiniache nikae kama mgeni kwenye msiba wangu mwenyewe. Niahidi."

Nikaahidi. Nilimshika mkono nikaahidi kwa jina la Kyala, Mungu wa baba zetu.

Punje yenyewe ni ndogo kama ya ulezi. Mpimaji wetu alikuwa Lusekelo, binti mmoja mwenye mwanya, mpole sana, simlaumu hata leo. Akanieleza kwa kunionea huruma: punje inasikiliza damu, ikiona hofu inapanda inamwaga ubaridi kidogo, hofu inashuka. Kama kufunika chungu, akasema, lakini unaacha mfuniko wazi upande. Nikamuuliza, na ule mvuke unaozuiwa unakwenda wapi? Akasema, "Hauendi popote, mzee. Unakaa humo humo, umelala."

Nikasikia neno hilo na sikulishika.

*

Nitakwambia kitu ambacho mama zako wadogo hawatakwambia. Tulikuwa na raha.

Usinitazame hivyo. Raha ya kweli. Narudi nyumbani, bibi yako anacheka. Ng'ombe anakohoa, yeye anageuka upande wa pili analala. Alianza kupanda maua. Alijifunza kuendesha kile kitoroli cha waya kinachoshusha ndizi bondeni, akawa anapiga kelele za furaha mpaka chini kama msichana. Tulikaa jioni kwenye baraza tunatazama mitego ya ukungu, zile nyavu ndefu zilizosimamishwa mlimani kukinga maji mvua ilipoacha kututembelea, na yeye ananiegemea bega. Miaka ishirini na mbili ya ndoa hakuwahi kuniegemea bega kwa muda wote huo bila kukumbuka kitu jikoni. Walipokuja kupima tena, nyumba yetu ilikuwa themanini na tatu. Mwakatumbula alinuna wiki nzima.

Lakini kulikuwa na vitu. Mara moja barabara iliporomoka, nikakwama Tukuyu siku mbili, simu zimekata. Njia nzima nikirudi najiandaa kwa kesi yangu. Najitungia na majibu. Nafika barabarani, hakuna mtu. Naingia ndani, amekula, amelala, ananiambia, "Karibu, nilijua utakuja tu." Akageuka akaendelea kulala. Nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, na majibu yangu yote sikuwa na wa kumpa.

Na mara nyingine alifariki mzee Mwasandube. Bibi yako akasimama uani kama kawaida yake. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Mwasandube amekufa. Alikuwa mtu mzuri." Watu wakatazamana. Anyesi, binamu yake, akamvuta pembeni taratibu, akasimama yeye. Tangu siku hiyo Anyesi ndiye akawa mfungua kilio. Bibi yako hata hakuumia. Njiani akaniambia, "Afadhali, ilikuwa inanichosha koo."

Nilipaswa kumrudisha siku hiyo. Ahadi ilikuwa inanitazama usoni. Lakini jioni ile aliniegemea bega, Lugano, nikajiambia, huyu Mwasandube si mtoto wetu.

*

Ambokile alikuwa fundi wa ile mitego ya ukungu. Mwaka wa sita baada ya bibi yako kushushwa, mwezi wa kumi, upepo ulikatika ghafla halafu ukarudi kwa nguvu, wavu ukamvuta kutoka juu ya nguzo. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa anapenda kuimba vibaya kwa makusudi ili watu wamfukuze jikoni. Mama yako Sekela alikuwa amekubeba tumboni.

Walimleta asubuhi, saa moja. Wakamlaza sebuleni, wakamfunika shuka nyeupe. Watu wakaja, wakajaa uani, wanawake upande wa jikoni, wanaume upande wa migomba. Kimya. Wanamsubiri mama.

Bibi yako alimtazama mtoto wake. Akamfunika vizuri mguu uliokuwa nje. Akasema, "Amepumzika." Akainuka, akafunga kanga kiunoni, akaenda kuangalia kama maharage yametosha.

Saa mbili, kimya. Saa nne, kimya. Wakina mama wameshapika masufuria makubwa matano, ndizi, maharage, ng'ombe amechinjwa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kushika sahani. Jua linawaka. Watoto wameanza kulia, lakini wanalia njaa. Bibi yako anazunguka katikati ya watu anawagawia maji ya kunywa, anawaambia poleni kwa kukaa juani. Yeye ndiye anawapa wao pole! Mke wa Mwakatumbula alishindwa, akaficha uso kwenye kanga.

Saa sita Mwakatumbula akanijia. Ndiye alikuwa mkubwa wetu pale. Akaniinamia sikioni.

"Mwaisumo, kijana hawezi kulala juu ya ardhi bila kilio. Na leo ni joto."

"Naona."

"Anyesi anaweza kufungua?"

"Mama yupo hai. Anyesi hawezi."

"Basi fanya unachojua," akasema. "Wewe ndiye uliyempeleka kule."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Kumbe Anyesi alikuwa ameshatuma mtu njia panda. Lusekelo akafika na mkoba wake, amevaa nguo nyeusi, macho mekundu maana Ambokile alikuwa anamjua. Tukaingia chumbani kwetu watu wanne: yeye, Anyesi, mimi na bibi yako. Lusekelo akatoa kile kibao cha kioo cha kuwekea vidole gumba. Ili mtu arudishwe, sheria inataka vidole viwili, cha mwenye punje na cha mwenzi wake.

"Mama," Lusekelo akaanza, "ni lazima nikueleze. Kilichozuiwa miaka sita hakikupotea. Nikiitoa punje kinarudi chote. Hofu zote za miaka sita, na hili la leo, kwa pamoja, labda kwa saa moja. Wengi wanavumilia. Wengine..." Akamtazama Anyesi. "Kuna baba mmoja wa kule bondeni alirudishwa baada ya kufiwa na mkewe. Hajasema neno mpaka leo, analishwa."

Bibi yako alikuwa anasikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya dukani. Akauliza, "Inachukua muda gani? Watu wana njaa."

"Mama Sekela," nikamwambia, "umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Nitalia, nitaumwa. Sasa watu themanini wakae na njaa kwa sababu yangu? Watoto wa Anyesi hawajala tangu jana." Akaweka kidole gumba pale pale, wala hakukitazama. Kioo kikawaka kijani upande wake.

Anyesi akaniambia, "Haya, Shemeji. Weka chako tumzike mtoto."

Nikakinyoosha kidole. Nikakirudisha.

Hebu nielewe hapo. Yule niliyemwahidi kwenye migomba alisema nimrudishe. Huyu aliyekaa mbele yangu amekubali kurudishwa. Wote wawili wanasema ndiyo. Mimi nina sababu gani ya kusema hapana? Lakini yule wa kwanza alikuwa anajua uchungu ni nini, ila hakujua utakuwa wa mtoto. Na huyu wa pili anajua ni wa mtoto, ila hajui uchungu ni nini. Amekubali kama mtu anayekubali kuongezewa chai. Hakuwa na hofu ya kumzuia. Hiyo hofu mimi ndiye niliyemvua.

Nikamuuliza, "Tupokigwe, wewe mwenyewe unataka?" Nilimwita kwa jina lake, kitu ambacho sifanyi mbele za watu.

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema, "Nikilia, nitakuwa nalia kwa ajili ya Ambokile au kwa ajili yako?"

Nikatazama kile kioo cha kijani.

"Maana Ambokile hasikii," akasema. "Kama ni wewe unayetaka nilie, niambie tu, mume wangu. Nitalia."

Kile kidole changu, Lugano, kiliniwia kizito kama jiwe la kusagia. Nikamtazama bibi yako usoni. Hakuwa na kunyanzi. Miaka hamsini na moja, na paji la uso kama sahani. Nikamwona kama baada ya saa moja atakavyokuwa, amekaa kwenye kona, analishwa. Nikaona na nyumba, mimi peke yangu ndani yake, mtoto hayupo, na yeye hayupo.

Na hapo ndipo sijui. Nakwambia kweli, mpaka leo sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi. Nimelifikiria hilo jambo nikipalilia, nikioga, nikiwa kanisani. Mtu mwingine angeweza kusema nilimnyima haki yake mara mbili, mara ya kwanza nilipompeleka na mara ya pili nilipomzuia. Anyesi alisema hivyo. Aliniambia pale pale, "Umemwibia kilio chake, Shemeji, na sasa unamwibia mtoto." Miaka minne hakunisalimia.

Nikamwambia Lusekelo, "Funga mkoba wako, mwanangu."

"Mzee, watu wanasubiri..."

"Najua wanasubiri."

Nikatoka uani.

*

Mwanaume kwetu halii kwa sauti. Anakaa na wenzake, anatazama chini, akizidiwa anakwenda kupasua kuni. Na kilio hakijawahi kufunguliwa na mwanaume, si hapa wala ng'ambo ya mto. Mimi hata sauti sina. Kwaya walinikataa.

Nikasimama pale katikati, jua la saa saba kichwani, watu themanini wananitazama. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Ikatoka sauti kama ya ndama aliyebanwa na lango. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya.

Nikasema, "Ambokile."

Nikasema, "Wewe uliyekuwa unaimba vibaya makusudi. Wewe uliyenivalia viatu vyangu vya kanisani ukaenda navyo mlimani, ukavirudisha na matope ukasema ni mbwa. Wewe uliyemdanganya dada yako kwamba amezaliwa kwenye gunia la mkaa. Nani atanidanganya sasa? Mama yako hawezi kukulilia, mwanangu. Si kosa lake. Mimi ndiye nimemfunga. Nisikie mimi. Baba yako sina sauti, lakini nisikie mimi."

Halafu sikumbuki vizuri. Nakumbuka niko chini, udongo mdomoni. Nakumbuka Mwakatumbula anasema, "Mwanaume anafungua kilio, mwe?" na hakuna anayemjibu. Nikadhani hawataitikia. Nikadhani mtoto wangu ataoza pale sebuleni kwa sababu ya sauti yangu mbaya.

Ndipo Anyesi akaingia. Anyesi ambaye ananichukia. Alisimama mlangoni akapiga ile sauti, ndefu, kali, akaitia juu ya yangu ili yangu isisikike ilivyovunjika. Na wanawake wote wakaja nyuma yake kama maji yanayobomoa kingo. Mama yako Sekela akaja akanilalia mgongoni na tumbo lake, kwa hiyo wewe ulikuwepo, mjukuu wangu. Wanaume wakashika majembe.

Bibi yako alisimama kwenye ngazi ya jikoni, mikono kaishikanisha mbele, anatutazama. Uso wake ulikuwa mzuri. Kichwa kakiinamisha upande kidogo, vile mtu anavyofanya akisikia wimbo anaoufahamu na hakumbuki aliusikia wapi.

Tukamzika saa kumi na nusu. Bibi yako alitupa udongo wake mkono mmoja, akakung'uta viganja.

Tuliporudi alikuwa ametutangulia. Ameshatandika mikeka, majani ya mgomba yamepangwa, birika la maji ya kunawa liko mkononi. Anapita kwa kila mtu anamnawisha. "Karibuni, karibuni jamani, msione haya, leo mmeteseka." Akafika kwangu. Akaniosha udongo mikononi, halafu akalowesha ncha ya kanga akanifuta na mdomo.

"Sauti yako mbaya, Baba Sekela," akaniambia.

"Najua."

"Lakini walikuitikia."

"Walinihurumia."

Mikeka ya wanaume iko kule, ya wanawake iko huku, ndivyo inavyokuwa. Yeye akakaa hapo hapo ubavuni mwangu, mbele ya wazee wote, na siku hiyo hakuna aliyemwambia kitu. Mwakatumbula akabariki chakula kwa maneno machache. Watu wakakaa, wa mwisho akiwa Anyesi, mbali, ametupa mgongo. Watoto wakawa wameshaanza bila kusubiri amina.

Bibi yako akachukua ndizi, akaikata vipande viwili, akanipa kimoja.

"Kula. Ambokile hapendi kuona watu na njaa."

"Alikuwa hapendi," nikasema.

Akanitazama. Akatafuna kidogo. "Ee," akasema, "alikuwa."

Akasogeza bakuli la maharage katikati yetu, akanimegea na nyama, akala akashiba.